Mgonjwa akilia, mwacheni alie (uzi kutoka Uyole, Mbeya)

MwalimuWaUyole · Jumapili, saa 3:40 usiku

Wanajamvi, habari za jioni.

Humu mimi ni msomaji wa muda mrefu, kuandika siandiki. Ila juzi nikiwa kliniki nilimwona kijana wa miaka kama 22 akitoka chumba cha daktari. Uso umebadilika, midomo inacheza. Kaka yake akamshika bega: "Jikaze, wewe ni mwanaume." Kijana akameza mate, akanyanyua kichwa, wakaondoka. Watu kwenye benchi wakasema huyo ana moyo. Mimi nililia kwa niaba yake, kwa sababu najua kimya kile kinampeleka wapi.

Nieleze yangu. Nafundisha Baiolojia sekondari, nina miaka 43 na watoto wawili. Mwaka jana mwezi wa sita niligusa uvimbe titi la kushoto, mdogo kama njegere, hauumi. Wakakata kinyama, nikaambiwa nisubiri majibu. Nilisubiri wiki tatu. Siku yalipotoka nilikuwa na wifi yangu. Tulipofika koridoni machozi yakaanza kunijia, wifi akanibana mkono: "Jikaze mama, una watoto, ukilia utawatisha." Alisema kwa mapenzi, simlaumu. Nikajikaza. Kwenye bajaji nikajikaza. Nyumbani nikapika, nikasahihisha madaftari, nikalala nikitazama bati mpaka kukakucha.

Siku ya nne, darasani, baridi ile ya Julai mnayoijua, mtoto wa kidato cha pili akafungua dirisha. Nilimfokea mpaka darasa zima likaganda. Kumbe mwenzake alikuwa ametapika, alikuwa anatafuta hewa. Nikatoka, nikasimama nyuma ya maabara natetemeka, wala sikujua ninachotetemekea.

Usiku wa kukosa usingizi ndipo nilipoanza kusoma. Kuna jaribio la James Gross na Robert Levenson, Wamarekani, walilichapisha mwaka 1993. Waliwaonesha watu filamu ya kukirihisha, yenye operesheni ya kukata mkono, na baadhi yao wakaambiwa wasioneshe usoni wanachohisi. Wakaweza, uso ukatulia. Lakini vipimo vya ngozi na vya mishipa ya vidoleni vikaonesha mwili umebanwa kuliko wa wale walioachwa huru, na kinyaa chenyewe hakikupungua. Mwaka 2003 Emily Butler na wenzake wakakuta kwamba hata mtu anayezungumza na mwenye kuficha hisia, shinikizo lake la damu linapanda. Niliposoma hapo niliwakumbuka wanangu. Nilidhani nawakinga, kumbe walikuwa wanakaa meza moja na mimi huku miili yao inajua kuna kitu.

Nilipopangiwa matibabu Dar nilipanda basi peke yangu, safari ya zaidi ya kilomita 800. Mafinga akapanda mama mfanyabiashara wa vitunguu, akakaa kiti cha pembeni. Akaniuliza naumwa nini, maana nilikuwa nimejikunyata kama mwenye homa. Sijui kilichonifungua kinywa. Nikamwambia nina saratani, titi watalikata, na naogopa sana. Hakusema "utapona". Akaniuliza, "Na huko Dar nani atakupikia?" Nikamjibu kuna binamu yangu Mbagala. "Ana gesi au mkaa? Maana moshi utakutapisha." Tukaenda hivyo, swali baada ya swali, Iringa ikapita, Ilula ikapita na matenga yake ya nyanya, Kitonga tukaiteremka bado naongea na nalia kidogo kidogo, yeye ananipa kanga yake nipangusie. Ruaha Mbuyuni akashuka, akanipitishia dirishani fungu la vitunguu. Jina lake silijui. Kutoka pale nililala mpaka Morogoro, usingizi wangu wa kwanza wa maana tangu majibu.

Nimefikiria sana kilichotokea kwenye kile kiti. Nadhani ni kwamba nilisema neno "naogopa" kwa sauti na basi halikupinduka. Kuna utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake wa Los Angeles, mwaka 2007: watu walitazama picha za nyuso zenye hofu na hasira huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipochagua neno la kuitaja hisia ile, amigdala, kijisehemu cha ubongo kinachopiga kengele ya hatari, kilitulia. Kutaja tu.

Basi nikanunua daftari la kaunta. Kila usiku mstari mmoja au miwili: leo nimehisi nini, na nimekihisi wapi mwilini. Mwanzoni niliandika "hofu" kila siku. Hofu, hofu, hofu. Baada ya kama wiki mbili nikagundua naandika uongo bila kukusudia. Siku walimu wenzangu walipokuja kunijulia hali, wameshona vitambaa vya sare kwa ajili ya harusi ya mwenzetu, kile hakikuwa hofu, kilikuwa wivu. Siku mume wangu aliponiogesha ilikuwa aibu. Siku faili langu lilipopotea kwenye ofisi fulani nikarudishwa nyuma ya foleni, ile ilikuwa hasira, tena ya haki. Na jioni moja mvua inapiga bati, watoto wanacheka sebuleni, kilichonikaba koo kilikuwa upweke: kukaa nao na kuwaona kama wako ng'ambo ya mto.

Wenzangu, hivi vitu havitibiwi na dawa moja. Hofu yangu ilitaka taarifa, nikajilazimisha kumwuliza daktari yale maswali niliyokuwa nayakwepa. Aibu ilitaka mtu mmoja anione nilivyo na asiondoke. Hasira ilitaka kusemwa kwa anayehusika, nami nikaenda kuisema kwa adabu na faili likapatikana. Upweke ulitaka mtu akae tu karibu, hata akichambua mchicha. Nilipokuwa naviita vyote hofu nilishindwa vyote.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia mapema. Siku mbili baada ya kila dripu ya kemo, zile dawa za saratani, nilikuwa nachangamka, nafua, nadeki, silali. Siku ya nne naporomoka, dunia nyeusi. Nilidhani imani yangu imepungua, nikawa natubu. Mpaka nesi mmoja aliponiuliza, "Hujaambiwa kuhusu deksamethasoni?" Ni dawa wanayotoa na kemo kuzuia kutapika. Inaweza kukukosesha usingizi na kukuchangamsha, na ukiimaliza ghafla mwili unashuka. Tangu siku hiyo niliandika kwenye kalenda ya ukutani, "Siku ya nne: usiamini mawazo yako." Watoto nao wakajua. Mdogo akawa ananiletea blanketi bila kuulizwa.

Niko hapa kusikia kwenu wa Nyanda za Juu Kusini. Mnaougua, mnaishije na moyo? Mnaouguza, huwa mnatuambia nini?

Kamwene_Iringa · saa 3:58 usiku

Kamwene, mwalimu. Mama yangu ana kisukari na amekatwa mguu mwezi uliopita. Neno nililomwambia ni hilo hilo, "jikaze". Nimesoma mara mbili. Kesho naenda Kilolo kumwona.

MzeeWaIlomba · saa 4:20 usiku

Mwalimu, pole sana. Nakuombea kwa dhati. Lakini niseme lililo moyoni. Sisi tuliolelewa Rungwe tumefundishwa mkubwa halii mbele ya watoto. Baba yangu aliugua koo miaka miwili, hatukumsikia akilalamika, na ule utulivu wake ndio uliotushika pamoja kama familia. Isitoshe tunasikia kila siku kwamba mgonjwa akikata tamaa ugonjwa unapata nafasi. Tukiwaruhusu walie, hatuwafungulii mlango wa kukata tamaa?

MwalimuWaUyole · saa 4:55 usiku

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kusema wazi.

Hilo la ugonjwa kupata nafasi nililibeba miezi mingi, kila nikilia nahisi nimeulisha uvimbe. Halafu nikakutana na utafiti wa mwaka 2007 wa James Coyne na wenzake. Walifuatilia wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo, kuona kama hali ya moyo inatabiri nani ataishi muda mrefu. Haikutabiri. Wenye moyo mzito na wenye moyo mwepesi hawakutofautiana kwa hilo. Wengine waliona ni habari ya kuvunja moyo, kwangu ilikuwa kutuliwa mzigo. Maana mtu ukimwambia moyo wake ndio unaomponya, siku ugonjwa ukirudi utakuwa umemwambia pia kwamba kosa ni lake. Moyo una kazi yake, nakubali: ndio unaoamua kama nitameza tamoksifeni, kidonge changu cha saratani, leo, kama nitarudi kliniki, kama nitaweza kukaa na wanangu bila kuwafokea. Hizo kazi zinatosha.

Na kuhusu kwetu Rungwe. Mzee, unazijua ngoma za msibani kuliko mimi. Godfrey Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, aliandika alivyoona maziko: wanawake wanaomboleza kwa sauti, wanaume wanacheza ngoma ya vita kwa nguvu zote, mikuki mkononi. Wazee wetu walijua uchungu lazima utoke, wakaujengea uwanja na ngoma. Kinachonisumbua ni kwamba uwanja ule tunaufungua mtu akishakufa. Akiwa bado hai na anatusikia, machozi yake tunayakataza.

Baba yako simgusi. Huenda alikuwa na mtu wake wa kumwambia ambaye ninyi watoto hamkumjua.

FigoMbili_Mafinga · Jumatatu, saa 10:15 alfajiri

Silali, kwa hiyo naandika.

Mimi nasafishwa damu. Mwaka wa pili. Mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne kwenye mashine, ukiongeza safari siku imekwisha. Watu wanadhani taabu ni sindano. Taabu ni kiu. Mkojo hautoki, kwa hiyo kila unachokunywa kinakaa mwilini mpaka mashine ikitoe. Nina kichupa cha maji cha siku nzima, nakipima kama dawa. Mke wangu akipuliza chai nasikia koo langu linawaka, na nachukia. Nachukia chai, namchukia yeye, kisha najichukia mimi. Wiki iliyopita nilitupa kikombe chake ukutani. Hakusema kitu, akafagia. Siku hizi anakunywa chai kwa jirani.

Mwalimu umeandika wivu na aibu. Nimekaa nayo saa mbili hii. Nilikuwa najua hasira tu.

Na kuna siku nawaza nisiende tu kwenye mashine. Hilo sijamwambia mtu.

NesiWaNjombe · saa 12:30 asubuhi

Kaka wa Mafinga, umefanya vizuri kuandika. Naanza na wewe kabla sijaenda zamu.

Ukisema "nisiende tu", unamaanisha umechoka na mashine, au unataka kufa? Nauliza wazi. Kumwuliza mtu hakumpandikizii wazo, kunampa pa kulishusha. Kama ni la pili, usikae nalo peke yako hata usiku mmoja: mwamshe mkeo sasa hivi umwambie, na kama hali ni nzito nenda hospitali iliyo karibu leo. Kama ni la kwanza, nalo linazungumzika. Ukifika kwenye mashine mwambie nesi kabla hajakufunga. Wagonjwa wengi wa figo hupita hapo na si wewe wa kwanza kumwambia.

Huwa naangalia hivi. Huzuni ya ugonjwa huja na kuondoka, mtu analia asubuhi, mchana anacheka na mjukuu. Sonona haiondoki, inakaa wiki mbili na zaidi karibu kila siku, na kila kilichokuwa kitamu kinakuwa majivu. Kwa mgonjwa wa figo au saratani, uchovu na kukosa hamu ya kula havinisaidii kutambua, kwa sababu ugonjwa wenyewe unavileta. Nasikiliza zaidi kama mtu anajiona mzigo, hana thamani, hana cha kungojea. Ikiwa hivyo ni ugonjwa juu ya ugonjwa na una tiba: mazungumzo yenye utaratibu, na dawa zipo. Usijinunulie dukani, figo zako zinahitaji daktari achague aina na kipimo.

La pili ni maumivu. Niliwahi kuhudumia mkulima wa viazi, saratani imefika mifupani. Familia wakaniambia amekata tamaa, amegeukia ukuta, haongei, waite mchungaji. Nikamwuliza yeye, sio wao. Alikuwa anaumwa kiasi kwamba kuongea kulimtonesha. Akapewa morfini ya maji pamoja na dawa ya kulainisha choo, maana morfini hufunga. Siku ya tatu akaomba redio yake. Mchungaji alipofika walijadiliana bei ya mbolea.

Watu wanaiogopa morfini kwamba itamfanya mgonjwa teja. Ikitolewa kwa maumivu, kwa kipimo na kwa saa zake, inampa nafasi ya kuwa mtu tena. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kutunza wagonjwa mahututi) ya St Christopher's London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya jumla: mwili, moyo, familia, pesa, roho, yote yamefungwa fundo moja. Huwezi kumtuliza moyo mtu ambaye mfupa unamlilia.

Mwalimu ametaja utafiti wa Coyne, mimi nauongezea mwingine. Boston, mwaka 2010, wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipata tiba shufaa, yaani ile ya kupunguza maumivu na mateso, tangu mwanzo pamoja na matibabu ya kawaida. Sonona ikawa kidogo kwao, na wakaishi wastani wa kama miezi 11 na nusu dhidi ya kama 9 ya wenzao. Hakuna aliyewaambia wajikaze. Walitulizwa maumivu, wakasikilizwa, wakasaidiwa kuamua.

Nakwenda zamu. Kaka, ujibu.

FigoMbili_Mafinga · saa 12:52 asubuhi

La kwanza, nesi. Nimechoka. Sitaki kufa. Sikujua ni vitu viwili mpaka ulipouliza.

BintiWaKyela · saa 4:05 asubuhi

Assalamu alaykum. Kwetu neno ni subira, na watu huligeuza kuwa kunyamaza. Lakini katika Sura Yusuf, Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ndiye aliyesema subira njema. Alipolaumiwa akajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu masikitiko yake. Na Mtume (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, maswahaba wakashangaa, akawaambia jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika. Dada yangu ana selimundu. Usiku wa maumivu huwa namsomea hiyo, kisha namkanda mgongo kwa maji ya moto.

DoziTanguMakete · saa 7:40 mchana

Natoka Makete. ARV nilianza 2005, mwaka mmoja baada ya serikali kuanza kuzitoa bure. Niwaambie wenye ugonjwa mpya kitu kimoja ambacho kilinishangaza: moyo hauponi kwa kupanda ngazi. Mwaka wa kwanza nilikuwa jasiri, kila mtu ananisifu. Mwaka wa tisa, afya nzuri, virusi vimefubaa, watoto wanasoma, ndipo nilipoanguka. Nilikaa miezi nalia nikiwa shambani. Nadhani mwanzoni nilikuwa na kazi ya kutokufa, sikupata nafasi ya kuomboleza mume wangu. Msijishangae ikiwarudia.

Halafu zile ndoto. Enzi za efavirenzi, moja ya ARV za zamani, nilikuwa naota vitisho kila usiku, nakimbizwa, nazikwa hai. Mama mkwe akasema narogwa. Nikazunguka kwa waganga na hela ya mbegu za viazi ikaishia huko. Mshauri kliniki ndiye aliyeniambia dawa hiyo inajulikana kwa ndoto. Baadaye tulipohamishiwa dozi yenye dolutegraviri zikakoma. Kwa hiyo mwalimu yuko sahihi, kabla hujaihukumu roho yako uliza kwanza kuhusu dawa.

Kilichonishika ni kikundi. Mkoa wetu wa Njombe, kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, ulikuwa na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye VVU, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, taifa zima 4.4. Maana yake kijijini kwetu hukosi mwenzako. Tulianza wanawake 14 tukikutana kusemezana tu. Kisha tukaweka kibubu, kisha tukapanda miche ya parachichi. Siku za kupogolea ndizo siku za kuambiana ukweli, maana mikono ina kazi na hamtazamani usoni. Mambo mazito huwa yanatoka hapo, juu ya mti.

Mshauri wetu alituambia Zimbabwe wanafanya kitu kama hicho: daktari Dixon Chibanda alianza Harare mwaka 2006 na kina bibi 14, wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati. Wao huita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, sawa na sisi tunavyosema "ana mawazo". Bibi hatoi hotuba. Anamwuliza mtu matatizo yake yote, wanachagua moja linaloweza kushikwa wiki hii. Walipolipima, mwaka 2016 ikachapishwa: baada ya miezi 6, dalili za sonona zilibaki kwa kama asilimia 14 ya waliokaa benchini, na karibu asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Kama wanne kati ya kumi walikuwa na VVU kama mimi. Nilifurahi sana kusikia idadi ya bibi ilikuwa 14, kama sisi.

MzeeWaIlomba · saa 1:15 usiku

Nimesoma yote. Mwalimu, nimeuliza nyumbani. Dada yangu mkubwa anasema baba alikuwa akienda mgombani kila alfajiri, na yeye alimsikia mara nyingi. Sisi wavulana hatukuambiwa. Miaka 31 sikujua.

Nina jirani, figo kama huyu kijana wa Mafinga. Nikienda kumwona huwa nasema "Mungu yupo, utapona", kisha tunaongea mpira. Nifanyeje? Sitaki kumliza.

MwalimuWaUyole · saa 2:02 usiku

Mzee wangu, nimesoma hiyo ya mgombani nikanyamaza muda mrefu. Pole.

Kuhusu jirani: mpira usiuache. Siku nyingine mgonjwa anatamani kwa saa moja asiwe mgonjwa, na hiyo nayo ni haki yake. Ila kabla ya mpira mwulize, "Leo kukoje?" Leo, sio "hali yako". Hali yangu ni saratani, kila mtu anaijua. Leo ni kwamba mdomo una vidonda na nimetamani ndizi mbivu. Akikuambia neno zito, usilikimbilie kwa "usiseme hivyo". Mimi nilipomwambia mtu "naogopa kufa" akanijibu "usiseme hivyo", nilijua hapo mlango umefungwa, nikarudi kutabasamu. Mrudishie neno lake: "Unaogopa." Kisha nyamaza. Kimya kitakuuma wewe zaidi yake, kivumilie.

Akilia, hujamliza wewe. Alikuwa nayo kabla hujabisha hodi.

Na "utapona" iacheni kwa anayejua. Kwenye maombi nayasikia mengi ya ushindi, ninayapenda, nimelelewa Moravian. Lakini iko Zaburi ya 88, mtu analia mwanzo mpaka mwisho na inaishia gizani, na waliokusanya Maandiko hawakuiondoa. Usiku wa siku ya nne ndiyo ninayoisoma.

Mwisho mwulize jambo la kushikika. Nani anampeleka kwenye mashine Ijumaa? Una gari, mzee?

MzeeWaIlomba · saa 2:10 usiku

Ninalo. Nitamwuliza kesho asubuhi.

Kamwene_Iringa · Jumanne, saa 8:20 mchana

Nimerudi kutoka Kilolo. Nilimwuliza mama leo kukoje. Akasema mguu uliokatwa unamwasha vidoleni, na alikuwa anaona aibu kusema kwa sababu vidole havipo, watu watasema amechanganyikiwa. Wiki nne hajasema! Nesi kama upo, hiyo ni kawaida?

NesiWaNjombe · saa 9:05 alasiri

Ni kawaida kabisa. Mishipa ya fahamu na ubongo bado vina ramani ya ule mguu. Hajachanganyikiwa, mwambie hivyo leo kwa simu, usingoje. Na arudi kliniki awaeleze, zipo dawa za maumivu ya mishipa zinazosaidia.

FigoMbili_Mafinga · Jumatano, saa 3:30 asubuhi

Niko kwenye mashine. Jana usiku nilimwambia mke wangu. Nilianza na kikombe. Nikamwambia haikuwa hasira na yeye, ilikuwa wivu wa chai, na nikasema naona aibu. Alicheka halafu akalia, nami nikalia. Halafu nikamwambia lile la kutokwenda. Alininyamazia muda, kisha akasema yeye alikuwa akinywa chai kwa jirani kwa sababu ndipo anapolia. Tumekubaliana arudi kunywa nyumbani, mimi nikae nje kwenye kigoda nikichonga mipini ya jembe mpaka amalize. Nesi wa hapa nimemwambia pia, kanipangia mtu wa kuzungumza naye Ijumaa.

Bado saa tatu. Leo mikono ina ganzi, naandika kwa kidole kimoja.

MwalimuWaUyole · saa 3:34 asubuhi

Niko hapa kaka, leo sina kipindi mpaka saa sita. Kitanda chako kiko karibu na dirisha? Unaona nini nje?